Ukurasa wa Shukrani

Mhariri wa kwanza aliniambia wabebaji wangu ni wengi mno. Alinipigia simu wakati wa mapumziko ya saa nne, nimekaa kwenye ngazi za darasa na kikombe cha uji mkononi. Alikuwa mpole sana. Alisema mswada una nguvu, ila kuna watu wanaingia kwenye hadithi, wanabeba machela, wanatoka, hawaonekani tena. Hawana majina, hawana sura. "Msomaji atamshika nani?" aliniuliza. "Mpe mtu mmoja, mwalimu. Mmoja tu, ambebe huyo mama tangu kijijini mpaka hospitali." Nikamjibu kwamba nimemwelewa. Sikuwa nimemwelewa hata kidogo, na uji ukapoa.

Niseme kwanza kitabu chenyewe kilikuwa cha nini, maana nikianza kulalamika huwa sinyamazi. Mama wa kwenye machela ni mimi. Nilikuwa mwalimu mgeni kwenye shule ya kata, ndani kabisa huko Busunzu, mimba yangu ya kwanza, mume wangu yuko masomoni Dodoma. Lami ilikuwa haijafika. Mvua za mwaka ule zilibomoa daraja, gari halitoki wala haliingii, na uchungu ukanishika kabla ya siku zake. Mwenye nyumba wangu alitoa blanketi lake, vijana wakakata miti miwili, nikalazwa, safari ya Kibondo ikaanza.

Kwetu Buha, nchi ya Waha, mgonjwa akibebwa njiani, ukikutana naye unatua mzigo wako. Hata kama unawahi gulioni. Hata kama anayebebwa ni wa familia ambayo hamsalimiani. Unatua, unaingiza bega chini ya mti, aliyechoka anapumua, na wewe unabeba mpaka mwingine akupokee. Kisha unarudi kufuata mzigo wako, unaendelea na ya kwako. Hakuna anayekuuliza unaitwa nani. Mgonjwa akipona ndiye anayerudi: anatengeneza pombe ya ndizi, au kama ameokoka anapika chai na mihogo, anawaita waliombeba, wanakaa, wanakunywa, wanamtania alivyokuwa mzito. Basi, yameisha.

Mimi sikurudi. Nilizinduka wodini Kibondo, tumbo limeshuka, pembeni yangu hakuna kitu. Muuguzi akasema mtoto hakukaa. Nikageukia ukuta. Mama yangu alikuja kutoka Kasulu juu ya lori la maharage, akanichukua, mume wangu akanihangaikia uhamisho kwenda shule moja nje ya Kasulu, na vyombo vyangu vikaletwa na watu wengine. Nilipopata nguvu ya kufikiria chai na mihogo, niligundua sijui nimwite nani. Wale wa mwanzo nilikuwa nawajua wachache, tena kwa sura tu, wakati ule nina fahamu. Baadaye nilikuwa naona videvu tu. Ukilala chali kwenye machela huoni sura ya mtu, unaona kidevu chake na shingo na maji ya mvua yanavyodondoka puani. Videvu vilibadilika, vilibadilika, mpaka nikapotea. Watu wa njia nzima walinibeba, na mimi sikumjua hata mmoja wa kumpelekea kikombe cha chai.

Ndiyo maana nikaandika. Nilitaka kitu kimoja tu maishani, na nilikitaka vibaya: kitabu kilichochapwa, nikibebe mpaka kule, nikiweke mezani kwa watu, niseme hiki ni chenu, mimi ni yule mliyembeba. Kitabu hakihitaji kujua majina ya wageni wake. Atakayekisoma na kujiona, ni yeye.

Sasa mama yangu naye akaniongezea mzigo. Siku ile barua pepe ya kwanza ilipofika, ikisema wamepokea mswada wangu kwa furaha, nilimsomea kwa simu kwa kujigamba tu. Kwake jambo lilikuwa limekwisha. Mama ni mtu wa zamani. Kwake kitu usichokitaka unakikataa mlangoni, kwa adabu, mwenye nacho arudi nacho kabla hajaketi. Ukishakipokea na kukiingiza ndani umekitaka, na kukirudisha ni tusi. Wamepokea kwa furaha, wataurudisha vipi? Jumapili akasimama kanisani, Kasulu mjini, na mkungu wa ndizi na jogoo, akamshukuru Mungu kwa kitabu cha binti yake. Watu wakapiga vigelegele. Jogoo akauzwa mnadani hapo hapo, mchungaji akamnunua. Nikamweleza kwamba kupokea kule si kukubali, ni kama kupokelewa na karani tu. "Hao watu wamelelewa na nani?" aliniuliza.

Tangu hapo kila nilipokwenda Kasulu mjini niliulizwa kitabu kiko wapi. Sokoni, kwenye foleni ya benki, msibani. Hasa msibani. Watu wa kwetu wana salamu ndefu, unaulizwa nyumba, watoto, mifugo, mvua, na mwisho kabisa, wakati umeshajiandaa kuondoka: na kitabu? Nikawa natembea njia za nyuma. Mtu mzima, mwalimu, najificha nyuma ya mashine ya kusaga ili mama wa kwaya apite.

Basi nikamtengeneza huyo mtu mmoja. Ilinichukua likizo nzima na zaidi. Niliwafuta wote: mzee aliyeacha baiskeli yake ya mkaa kwenye matope, vijana wawili waliokuwa wanatoka kuchunga, yule mwenye kikohozi aliyebeba kipande kifupi kisha akaomba radhi kama vile amenikosea. Nikafuta. Nikaweka kijana mmoja mrefu mwenye mabega, na kwa kuwa machela haibebwi na mtu mmoja, ikabidi ambebe mgongoni. Nikampa na moyo wa mapenzi kidogo, maana nilisikia wasomaji wanapenda. Kila jina nililojaribu kumpa lilinikera.

Shuleni kwetu kuna mwalimu mwenzangu wa kike anayetoka Tanga, Mwislamu, Kiswahili chake kinateleza mpaka unaona wivu. Ndiye niliyekuwa nampa nilichoandika asome. Alisoma sura ya safari akiwa anamenya viazi, akafika katikati, akaweka kisu chini. "Dada," alisema, "huyu ni mtu au ni trekta? Milima yote hii, mvua yote hii, mwanamke mjamzito mgongoni, na bado anapata pumzi ya kumsifia macho?" Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio. Mimi nina hasira za karibu, kila mtu anajua. Nilichukua karatasi zangu nikaondoka, na sikumsemesha mpaka mitihani ya nusu muhula ilipotulazimisha kusimamia chumba kimoja.

Nikautuma hivyo hivyo. Yule mhariri mpole alikaa nao mpaka mahindi yakavunwa, kisha akanipigia. Akasema amefurahi kuona nimefanyia kazi maoni yake. Tatizo ni kwamba haiaminiki. Mtu mmoja kubeba mwanamke umbali wote ule, haiaminiki. Wameamua kutoendelea.

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu wanafunzi wangu wanaweza kusoma. Kisha nikakata simu, nikaingia stoo ya vitabu, nikakaa juu ya boksi la chaki, nikalia kwa sauti kama mtoto aliyenyang'anywa. Kilichoniuma si kukataliwa. Niliwafuta wale watu ili nimpendeze yeye, na sasa sikuwa na wao wala yeye.

Unafikiri niliacha? Ningeacha ningekuwa na akili. Niliutuma kwa mchapishaji mwingine, huyo huyo trekta wangu, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuandika upya. Kimya. Nikauliza kwa adabu. Kimya. Nikauliza tena, kikaja kijibu cha mstari mmoja kwamba hauendani na mahitaji yao ya sasa. Wa tatu walisema wangeufikiria kama ningeongeza maswali ya ufahamu kila mwisho wa sura, na mwishoni kabisa mafunzo ya hadithi, ili uingie shuleni. Nilikaa nikajaribu. Nilifika swali la pili la sura ya kwanza, "Unadhani kwa nini mama huyu hakuwahi hospitali?" mkono ukagoma.

Ule mwaka nilikonda. Nilikuwa nafundisha, napika, nawaogesha watoto, kwa sababu nilikuwa nimeshajaliwa wengine kwa neema ya Mungu, lakini moyoni nilikuwa nimechoka kabisa. Nikisikia simu inalia naikimbilia, nikikuta ni ujumbe wa kampuni ya simu naweza kuitupa. Mume wangu alivumilia. Mwisho akasema, tena bila ubaya, "Mama watoto, hiki kitabu kinakumaliza. Kiache kipumzike, na wewe upumzike." Nikachukua ndoo nikaenda kuteka maji. Ningemjibu nini? Kwamba nikikiacha, nabaki mtu aliyebebwa na nchi nzima akaondoka bila kugeuka nyuma? Deni hilo lilikuwa langu, mtu mwingine hadaiwi.

Siku moja karatasi ziliisha shuleni, na tulitakiwa kutoa jaribio. Mkuu wa shule akauliza kama kuna mwenye karatasi zilizotumika upande mmoja. Nikaenda nyumbani nikaleta mswada wangu wote, rundo zima, nikaubwaga mezani. "Tumieni," nikasema. Jaribio la uraia likapigwa nyuma ya riwaya yangu. Nilijisikia vizuri kwa ubaya, vile unavyojisikia ukitapika.

Kwenye kusahihisha ndipo mambo yakabadilika. Mwanafunzi mmoja alikuwa amejibu ovyo, nikamwekea alama zake chache, nikageuza karatasi bila kufikiri. Nikasoma ukurasa ule kama wa mtu mwingine. Kijana wa mabega anamwambia mwanamke, usiogope, mimi sitakutua kamwe. Nikashtuka. Hakuna mtu aliyeniambia hivyo. Walichokuwa wanasema ni "pokea huku", na "angalia jiwe", na "huyu mwalimu anakula nini jamani", na walinitua mara nyingi, kwa sababu ndivyo watu wanavyobeba. Huyu wa kwenye karatasi alikuwa anaongea kama mchezo wa redio. Mhariri hakunionea. Kilichoandikwa pale kilikuwa cha uongo na mimi ndiye niliyekiandika.

Nikaanza tena. Nilikuwa nafika shuleni kabla ya mwalimu wa zamu, ukungu bado umekaa kwenye migomba, nafungua maabara kwa kuwa ndiyo yenye meza kubwa, naandika mpaka kengele ya mstarini. Niliwarudisha wote. Sikuwapa majina. Niliwapa videvu vyao: chenye ndevu za mvi zilizokatwa na mkasi, chenye kovu, kilichokuwa bado hakijaota kitu. Nilimrudisha mwenye kikohozi na nikamwacha aombe radhi. Kipande nilichokuwa nimezimia nilikibuni, na mwisho nikaweka kama nilivyoamini siku zote: mtoto wa kiume, anazaliwa hospitali, hapumui, muuguzi anamfunika kwa shuka jeupe. Nililia kila nilipopita hapo, kwa hiyo nikadhani pameandikwa vizuri.

Yule wa Tanga alisoma bila kumenya chochote. Alipomaliza alisema, "Huu mswada utume. Na huku nyuma usipigiwe uraia."

Ukaenda Mwanza, kwa wachapishaji wadogo ambao mtu alinielekeza. Mhariri wao ni mwanamke, mkali, hana mambo ya upole. Alinikatalia mara ya kwanza kwa ukurasa mzima wa makosa, lakini mwisho akasema nikiyarekebisha nimrudishie. Nikarekebisha. Akaurudisha. Nikarekebisha tena. Nilikuwa namwandikia usiku na mchana, namwuliza mtachapa lini, namwambia nimesubiri sana, mpaka aibu ikaniishia. Kuna wakati nilimwandikia kwamba nitakufa kabla hakijatoka. Akanijibu, "Usife, mwalimu, sura ya tano bado." Nilicheka siku hiyo, na ilikuwa zamani sijacheka.

Kisha akakubali. Alisema hivyo kwa neno moja tu, nimekubali, na kuniambia jalada linachorwa. Nilimpigia mama yangu. Safari hii hakwenda kanisani. Alisema atakwenda akikishika mkononi.

Wiki moja kabla ya kitabu kupelekwa kiwandani kuchapwa, yule mhariri akaniandikia kwamba kila kitu kipo tayari isipokuwa ukurasa wa shukrani. Nimtumie majina kufikia Ijumaa.

Miaka yote nimepigana ili niwashukuru, na sasa naulizwa ni akina nani. Ningeweza kuandika tu, "Kwa wote walionibeba." Ndivyo alivyonishauri mume wangu. Lakini ilinichoma. Nikasema angalau jina moja. Niende sasa, si lazima kitabu kiwe kimetoka, nichapishe picha ya jalada pale stationeri ili nisiende mikono mitupu, nikatafute japo jina moja.

Nikapanda basi la Kibondo alfajiri. Njia ambayo zamani tulikuwa tunailala, siku hizi ni lami tupu. Tulipita Makere, pale njia panda ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu magari meupe ya mashirika yanapishana, na kabla jua halijapanda nilikuwa nimeshashuka Busunzu nimekaa kwenye bodaboda. Mwenye nyumba wangu alikuwa ameshafariki. Uani kwake nilikuta wanawake wanapiga maharage kwa fimbo. Nikasalimia kwa Kiha, "Mwakeye," nikapiga makofi ya heshima, wakanirudishia, tukaulizana yote ya kuulizana. Nikawaeleza mimi ni nani na ninatafuta nini.

Wakaanza kucheka kidogo, si kwa dharau. "Mwalimu, sisi tumebeba wengi," mmoja alisema. "Mwaka wa daraja peke yake tulibeba mpaka mabega yakaota sugu. Wewe ni yupi?" Mwingine alimkumbuka mwalimu mwembamba, mwingine akasema hapana, huyo alikuwa nesi. Walibishana juu yangu mbele yangu. Nilisimama na karatasi yangu ya jalada nikatamani ardhi inimeze. Hawakunikumbuka, na kwa nini wanikumbuke? Kumbe kile kilichokula miaka yangu, kwao kilikuwa siku moja ya mvua.

Mwanamke mmoja alikuwa hajasema kitu. Mtu mzima, kanizidi umri kama dada mkubwa, anapepeta maharage kwenye ungo. Alimwaga yaliyokuwa kwenye ungo, akauweka chini. "Mimi ninamjua," alisema. "Twende, mwalimu."

Tulipita nyuma ya nyumba yake. Alitembea mbele, na alikuwa anaongea bila kunitazama.

"Tulipofika mtoni mtoto alitoka," alisema. "Hakulia. Wewe ulikuwa hujitambui tena. Wanaume waligeuka migongo, sisi wanawake tuliokuwa tunafuata nyuma tukafanya ya kufanya. Damu yako ilikuwa inakwenda, tukaona hapa wasisubiri, wavuke na wewe mbio. Na huyu je? Hospitali atafanya nini? Nikasema nipeni mimi, nirudi naye."

Nikamwambia hapana, mtoto wangu alizaliwa hospitali. Nilisema hivyo kweli, kwa ukali, kama namsahihisha mwanafunzi.

"Hakufika hospitali," alisema taratibu.

Kwetu mwanamke aliyepoteza mtoto kwenye uzazi haulizi alikozikwa, wala haambiwi. Wakubwa wanajua, wanakaa nalo kimya, ili tumbo lisije likaogopa kubeba tena. Mama yangu hakuniambia kwa sababu hiyo, au kwa sababu hata yeye hakuambiwa. Nami sikuuliza. Nilijaza mwenyewe, nikaweka muuguzi, nikaweka shuka.

"Nilimfunga mgongoni," yule mama aliendelea. "Kwa kitenge changu. Mikononi sikutaka. Ukibeba kitu mikononi kimefunikwa, kila unayekutana naye anauliza ni nini. Mgongoni ni mtoto tu. Nilikutana na watu wanatoka gulioni, wengi, wakanisalimia, wakaniuliza ya nyumbani. Wakasema mtoto amelala vizuri na mvua yote hii. Nikasema ndiyo, amelala. Kuna bibi mmoja alinisimamisha, akavuta kitenge akamfunika kichwa, akasema analoa. Nikamwambia asante."

Tulikuwa tumefika mgombani. Alinionyesha kwa kidole, hapakuwa na alama, ni migomba na majani makavu chini. Alisema hapo hajawahi kupiga jembe. Nikakaa chini kwenye unyevu, na sauti iliyonitoka sikuijua ni yangu. Yule mama alikaa pembeni yangu. Hakuniambia ninyamaze.

Nilipoweza kusema nilimwuliza kitu ambacho sikuwahi kumwuliza mtu. Nilimwuliza alikuwa wa kike au wa kiume.

"Wa kike," alisema. "Ana nywele nyingi."

Baada ya muda nilipanda juu penye mtandao nikampigia mhariri wa Mwanza. Nadhani alifikiri nimeleta majina. Nikamwambia naomba msichape. Akauliza nimesemaje. Nikarudia, naomba msichape, mwisho wa kitabu si kweli, kuna mbebaji mmoja sijamwandika na ndiye aliyebeba mbali kuliko wote. Yeye akasema kwa ukali wake kwamba nafasi ya kiwandani imeshashikwa, mkubwa wake alikipitisha kwa shida, na nikikitoa sasa kinarudi nyuma ya foleni. Hawezi kuniahidi kwamba mwaka kesho watakitaka, hawezi hata kuniahidi kwamba yeye atakuwepo. "Mwalimu, ni wewe uliyekuwa unanililia nichape," alisema. "Umefikiri vizuri?"

Nilimwona mama yangu anayesubiri kukishika, nikawaona wa kwaya, nikajiona nipo tena kwenye ngazi za darasa na simu isiyolia. Nikamwambia nimefikiri.

"Haya," alisema, na akakata.

Nikashuka mgombani. Yule mama alikuwa bado amekaa pale pale. Nikakaa karibu yake, nikamwomba aniambie tena kuanzia mtoni, polepole, na asiruke kitu.